Ganda la yai ao sashe? Namna mwangaza unatambua plastiki ndani ya udongo



Mbele ya musimu A kuanza, tulitembelea koperative moja ya mboga na maharagi, karibu na Bukavu. Walikuwa wamenunua lori moja ya komposti iliyotengenezwa na takataka za soko, na walikuwa tayari kulipia lori ya pili. Ile komposti ilikuwa nyeusi, haikunuka, na ilivunjika vizuri mukononi. Lakini mama mumoja, ule anayechunga pepinyeri ya koperative, alichota kidogo, akaitandaza juani, akatuita: "Agronomu, mukuje muone. Hizi chembe nyeupe ni ganda la yai, ao ni sashe?"

Wengine walicheka. Mzee mumoja akasema ni ganda la yai tu, kwa sababu wale wanaopika mayai ku soko wanatupa maganda mingi. Kijana mumoja akajibu kama yeye anaona sashe. Mutunza feza, yeye, aliuliza neno moja: "Kama ni plastiki, feza yetu itarudi?"

Sisi tuliinama, tukaangalia na kioo cha kukuza. Tulisoma miaka mingi ku institi ya kilimo, lakini siku ile tulipashwa kusema ukweli mbele ya watu wote: kwa macho tu, hatuwezi kujua. Ule mama aliuliza swali ambalo ndani ya laboratware kubwa za dunia wanatumia mashine za bei kali kusudi walijibu. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu: tueleze hizo mashine zinafanya kazi namna gani, na nini mukulima anaweza kufanya hata kama mashine iko mbali.

Chembe hizi zinatoka wapi?

Plastiki haiozi kama jani la mugomba. Jua linaikausha, inapasuka, jembe linaikata, mvua inaibeba. Sashe moja inakuwa vipande kumi, kisha mia, kisha vipande ambavyo hauone tena. Haikuisha. Imekuwa ndogo tu.

Vipande vyenye ukubwa chini ya milimita 5 wataalamu wanaviita mikroplastiki. Jina hilo lilienea tangu mwaka 2004, wakati Richard Thompson, mutaalamu wa bahari wa Uingereza, na wenzake waliandika juu ya vipande kama hivyo walivyopata ndani ya muchanga na maji ya bahari. Kwa miaka mingi watu walifikiri ni shida ya bahari tu. Leo tunajua kama udongo wa mashamba nao unabeba.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuona mwanzo wake. Mvua ikinyesha Bukavu, masashe na chupa zinashuka ku Ziwa Kivu, kisha zinafuata maji hadi ku barrage ya Ruzizi. Pale zinaziba mitambo, na mji unakosa kuriti. Tena sisi wakulima tuko na plastiki yetu wenyewe: sashe nyeusi za pepinyeri, mifuko ya mbolea, kamba za nailoni, bido zilizopasuka, na shitingi tunayoanikia maharagi mpaka inaanza kutoa unga. Mwaka 2021, shirika la FAO lilihesabu kama kilimo cha dunia kinatumia tani milioni 12.5 za plastiki kila mwaka. Komposti ya soko ni mulango mwengine, kama takataka hazikuchaguliwa mbele ya kuoza.

Kwa nini macho yanadanganya

Chembe nyeupe inaweza kuwa ganda la yai, jiwe dogo, kipande cha konokono, muzizi uliokauka, ao plastiki. Uzi wa bluu unaweza kutoka ku kitambaa cha pamba ao ku kitambaa cha poliesta. Kadiri kipande kinakuwa kidogo, ndivyo macho yanakosea zaidi.

Tuko na mufano wa karibu. Watafiti walinunua sangara na tilapia ku soko la Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, Tanzania, wakapasua matumbo ya samaki hao. Vipande walivyodhania ni plastiki havikutosha kuwa jibu. Walivipitisha kwanza ndani ya mashine ya mwangaza. Mashine ilitaja kila kimoja kwa jina lake: poliethileni, poliesta, poliurethani, na vingine. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2016, na ilionyesha plastiki ndani ya samaki mumoja kwa kila watano, kwa aina zote mbili. Ilikuwa ushahidi wa kwanza kwa maziwa makubwa ya Afrika. Bila mashine ya mwangaza, kila mutu angesema: "Hayo ni macho yenu tu."

Mwangaza unatambua namna gani?

Wote munajua namna ya kupima bido bila kuifungua. Unaigonga na kidole. Ikiwa tupu, inalia namna moja. Ikijaa mafuta, inalia namna ingine. Sauti inakuambia kilicho ndani. Mashine hizi zinafanya vile vile, lakini zinagonga na mwangaza.

Mwangaza wa jua uko na rangi nyingi, kama tunavyoona ku upinde wa mvua. Kisha rangi nyekundu kuna mwangaza mwengine ambao jicho halione, lakini ngozi inausikia kama joto. Unauonja ukikaa karibu na makaa. William Herschel aliugundua mwaka 1800 huko Uingereza: aliweka kipimo cha joto pembeni ya rangi nyekundu, mahali hapakuonekana mwangaza wowote, na joto likapanda. Huo tunauita infraruji.

Kila kitu kimeundwa na chembe ndogo zilizoshikana, kama watu wanaoshikana mikono na kamba ya mupira. Zinatikisika wakati wote. Kaboni iliyoshikana na hidrojeni inatikisika kwa mwendo wake. Kaboni iliyoshikana na oksijeni iko na mwendo mwengine. Infraruji ikipita, kila kamba inameza ule mwangaza unaofanana na mwendo wake, na inaacha mwengine upite. Mashine inaangalia: mwangaza gani umerudi, na gani umemezwa?

Sasa turudi ku chembe nyeupe za ule mama. Sashe ya soko mara nyingi ni poliethileni, ambayo ni kaboni na hidrojeni tu. Inameza sana mwangaza wenye urefu wa mawimbi karibu mikrometa 3.4. (Mikrometa moja ni milimita moja ukiigawanya mara 1000.) Ganda la yai, lenyewe, ni chokaa. Linameza sana karibu mikrometa 7. Poliesta ya nguo nayo iko na shimo lake karibu mikrometa 5.8. Machoni vyote vinaweza kuwa vyeupe. Mbele ya infraruji, hakuna hata kimoja kinachofanana na kingine.

Mashine inachora mustari wenye milima na mashimo. Kompyuta inalinganisha mustari huo na michoro ya vitu vinavyojulikana, sawa vile wanavyolinganisha alama ya kidole chako na ile iliyobaki wakati ulichukua kadi ya uchaguzi. Ikifanana vya kutosha, inasema jina. Isipofanana, mutaalamu mwaminifu anaandika "haijulikani," hasemi plastiki.

Mashine mbili, na mipaka yao

Ya kwanza ni hiyo ya infraruji. Kwa kipande unachoweza kushika na koleo ndogo, tuseme nusu milimita, unakigandamiza ku kioo cha mashine na jibu linatoka kwa muda mufupi. Kwa vipande vidogo zaidi wanaunganisha mashine na mikroskopi, na wanaweza kushuka hadi karibu mikrometa 10 ao 20. Unywele wa mutu uko na unene wa karibu mikrometa 70, basi hapo tunasema juu ya kipande chembamba kuliko unywele. Shida yake ni maji: maji nayo yanameza infraruji sana. Kwa hiyo kila kitu kinapashwa kukauka kwanza.

Ya pili inaitwa Raman, kwa jina la C. V. Raman wa India, aliyegundua siri yake mwaka 1928 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1930. Hiyo inapiga kipande na mwangaza wa lezeri wa rangi moja. Sehemu kubwa ya mwangaza inarudi na rangi ile ile, lakini sehemu ndogo sana inarudi imebadilika rangi, kwa sababu imegongana na zile kamba zinazotikisika. Ndani ya badiliko hilo ndimo jina la plastiki linasomwa. Raman inafika hadi mikrometa 1, na haisumbuliwe sana na maji. Lakini uchafu wa udongo na rangi za kiwanda zinaweza kung'aa sana chini ya lezeri, mpaka zinafunika ile alama ndogo.

Kuna tena mashine ndogo za kushika mukononi, zenye kutumia infraruji ya karibu na rangi nyekundu. Zinasaidia kuchagua plastiki kubwa ku viwanda vya takataka. Lakini ziko na adui mumoja tunayemujua vizuri: rangi nyeusi. Masizi yanayotiwa ndani ya plastiki nyeusi yanameza ule mwangaza wote, hakuna kinachorudi. Na sisi, sashe ya pepinyeri ni nyeusi, na sashe mingi ya soko nayo ni nyeusi. Basi mutu akikuja kuwauzisha kamashine kadogo na kusema "kanaona kila plastiki," mumuulize mbele ya yote: "Na nyeusi?"

Tena mashine haichunguze gunia ya udongo nzima. Udongo unakaushwa, unachekechwa, kisha unatiwa ndani ya maji mazito ya chumvi ili plastiki ipande na muchanga ushuke. Kisha mabaki ya majani yanaunguzwa na maji ya oksijeni yenye nguvu, halafu vinavyobaki vinachujwa. Hapo tu mwangaza unaanza kazi. Kwa sampuli moja inaweza kuwa kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana iko bei, na ndiyo maana sampuli iliyochukuliwa vibaya ni feza ya bure.

Siku ile tulifanya nini?

Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na ndimu, chumvi, bokali na sindano. Ninyi pia munaweza kufanya hivi.

Kwanza, ndimu. Tulichukua chembe nyeupe, tukaziponda kidogo, tukatia maji ya ndimu. Zilizotoa povu ni chokaa: ganda la yai, konokono, ao jiwe la chokaa. Plastiki haitoe povu.

Pili, chumvi. Litri moja ya maji inaweza kuyeyusha karibu gramu 360 za chumvi. Maji hayo yanakuwa mazito, kilo 1.2 hivi kwa litri. Tulitia komposti kavu kidogo ndani ya bokali, tukakoroga, tukaacha itulie. Muchanga na maganda ya yai yanashuka. Plastiki ya masashe na ya mifuko ya mbolea inapanda. Mujue lakini: majani na vijiti navyo vinapanda, na plastiki nzito kama ile ya chupa za maji inashuka. Na ile maji ya chumvi musiimwage shambani, inaharibu udongo.

Tatu, sindano. Vile vilivyoelea tulivigusa na sindano iliyowekwa ku moto hadi ikawa nyekundu. Plastiki inayeyuka ao inajikunja. Kijiti kinaungua tu na kuwa cheusi. Mufanye hiyo inje, penye upepo, na musivute moshi.

Kumbe mzee alikuwa na haki, na kijana alikuwa na haki. Chembe nyingine zilitoa povu. Nyingine ziliyeyuka. Ganda la yai lilikuwamo, na sashe ilikuwamo. Watu walinyamaza kidogo, kisha ule mama akasema: "Basi kazi ni kuchagua mbele ya kuozesha, hapana kisha."

Vipimo hivi vitatu vinakuambia kama kuna vipande vya kuonekana. Havikuambie ni kiasi gani, havikuambie jina la plastiki, na vile vidogo kuliko unywele vinakuponyoka kabisa. Kwa hiyo komposti ikipita vipimo vyetu, musiandike ku mufuko "hakuna plastiki." Museme tu: "Hatukuona."

Namna ya kuchukua sampuli ya kupeleka laboratware

Ikiwa koperative yenu inapata nafasi ya kutuma sampuli, mufuate haya:

1. Mutumie jembe ao mwiko wa chuma, hapana kombe ya plastiki.
2. Muchukue udongo mahali kumi ao zaidi, mukitembea shambani kwa kona kona, kwa urefu wa sentimita 0 hadi 20. Muchanganye, kisha mubakishe kilo moja.
3. Mutie ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, ao muikunje ndani ya karatasi ya alumini. Musitie ndani ya sashe! Tumeona sampuli nzuri ikiharibika kwa njia hiyo.
4. Muvae nguo za pamba. Nyuzi za jaketi ya nailoni zinaanguka bila kuonekana, halafu laboratware inawaambia shamba lenu liko na nailoni.
5. Mufungue chupa moja tupu pembeni wakati wote wa kazi, kisha muifunge na kuituma pamoja na ingine. Hiyo ni shahidi: plastiki itakayopatikana ndani yake imetoka ku hewa na ku nguo zenu, haikutoka ku udongo.
6. Muandike tarehe, mahali, na mumea uliokuwapo, na kalamu ya risasi.

Tuogope ao tusiogope?

Hatutaki mutu atupe mavuno yake. Ndani ya majaribio, wakati nyungunyungu walilishwa majani yenye plastiki mingi sana, walikua vibaya na wengine walikufa. Tunajua tena kama nyungunyungu wanazibeba chembe hizo na kuzishusha chini ndani ya udongo. Ku mimea, majaribio yanatoa majibu tofauti, kufuatana na aina ya plastiki na wingi wake. Komposti inabaki kitu cha lazima kwa udongo wetu uliochoka, na hasara ya kulima bila komposti tunaiona kila musimu.

Lakini neno moja halina mashaka: kipande kikishakuwa kidogo kuliko unywele, hakuna jembe, hakuna chekecheo, hakuna mutu atakayekitosha shambani. Mwangaza unaweza kukitaja jina, hauwezi kukiondoa. Nafasi yetu iko mbele, wakati sashe ingali sashe.

Basi ndani ya koperative:

- Takataka za soko zichaguliwe zikiwa mbichi. Sashe nzima inatoka kwa mukono mara moja. Sashe iliyooza pamoja na majani inatoka vipande mia.
- Ku pepinyeri, wakati wa kupanda, sashe ikatwe, itoshwe nzima, na ihesabiwe. Ukipeleka miche 200, masashe 200 yarudi ku depo.
- Shitingi inayotoa unga isianikiwe chakula tena.
- Musiunguze plastiki shambani. Moshi wake ni sumu, na vipande visivyoungua vinabaki ndani ya majivu.
- Mufikiri juu ya vikapu na magunia ya katani. Ku inchi yetu, dekre namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe ya plastiki. Tunajua ku soko hali iko namna gani. Lakini koperative inaweza kuanza kwake bila kungojea.

Na ile lori ya pili? Wanamemba hawakuikataa. Walimuambia muuzaji kama watalipa wakiisha kuona takataka zikiwa mbichi na zimechaguliwa, na walikubali kuongeza feza kidogo kwa wale wamama wanaochagua. Komposti ya lori ya kwanza waliichekecha. Laini waliitia ku mashimo ya migomba, na pepinyeri wakaiachia komposti ya nyumbani. Mutunza feza hakufurahi sana, sababu feza ya lori ya kwanza haikurudi. Lakini aliandika bei ya kuchagua ndani ya kitabu chake, ku mustari wa gharama za komposti, na tunafikiri ni mahali pake.

Ku mukutano ujao mulete kila mutu gilasi moja ya komposti yake, na ndimu moja. Chumvi na sindano tutaleta sisi.